Honi ya Ijumaa

Chungu cha kwanza, Alhamisi

Daktari wa Msambweni amenipa daftari hili niandike kila ninachokula mwezi huu wa Ramadhani. Kufunga na sukari hii yangu ameniruhusu, ila kwa masharti: vidonge wakati wa daku, tende moja tu wakati wa kufuturu, na kila kinachopita kooni kiandikwe. Haya. Tende moja. Ya pili ilinifuata yenyewe. Muhogo wa nazi vipande viwili, vikubwa. Uji bakuli moja. Samaki wa kupaka, sikumpima.

Nikiandika chakula peke yake nitaona njaa mpaka Idi, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Mimi ni msimamizi wa kiwanda cha barafu cha chama cha wavuvi hapa Munje. Neno kiwanda ni la heshima. Ni banda lenye tangi la maji ya chumvi, kompresa mbili, na honi juu ya paa. Honi hiyo iliwekwa kwa ajili ya kubadilishana zamu, lakini tangu sijaota ndevu ndiyo inayotufuturisha. Ramadhani inalia jua likitua, muadhini akiisikia anaadhini, na watu wanakula kutoka hapa mpaka mwisho wa minazi. Simu kila mtu anayo siku hizi, lakini simu tatu zitakupa Magharibi tatu. Honi ni moja.

Kabati la umeme lililoendesha yote haya lilikufa mwaka jana, limeliwa na chumvi, na vipuri vyake havitengenezwi tena. Chama kikamleta Gerishom, kijana wa Kimaragoli (kijana kwangu mimi; ana binti darasa la nne hapa Msambweni). Hakuleta kabati jipya. Alileta kompyuta ndogo kama msahafu, akaweka ndani yake programu inayojifanya lile kabati.

"Mzee, hizi pampu hazijui kabati lilikufa," aliniambia. "Zinaongea na hii, zinadhani ni ile ile."

Kabati lilikuwa na bongo mbili, moja ya barafu na moja ya saa na honi. Programu nayo ina bongo mbili, kila moja imepewa uzi wake wa kufanyia kazi. Ndivyo anavyoziita, nyuzi. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hicho ndicho kipaji changu.

Honi imelia, watu wamefuturu. Alhamdulillahi.

Chungu cha pili, Ijumaa

Mke wangu Husna anasema honi imelia kuku wake bado wako nje wanachakura. Nimemwambia kuku hawafungi, kwa hiyo hawana haraka. Tende mbili. Mbaazi.

Chungu cha tatu, Jumamosi

Sidi amekuja asubuhi na mkokoteni. Mama huyu ndiye mnunuzi wetu mkubwa, anachukua samaki Bodo na kuwapeleka hoteli za Galu, na bila barafu yetu samaki wake hawafiki hata Ukunda. Akateremsha bonge moja la barafu, akalipiga na kisigino cha panga. Likafunguka, na maji yakamwagika kutoka katikati.

"Tsofa, hii ni barafu au dafu?"

Nikamwita Kibwana. Kibwana ndiye fundi wa kompresa, na mimi naye tumekuwa tukitukanana kwa mapenzi tangu madrasa.

"Mbona umetoa mabichi?"

"Taa ya kijani iliwaka. Taa ikiwaka barafu imeiva, nami natoa. Ulitaka nionje?"

"Iliwaka, au ulikuwa na usingizi wa daku?"

"Mimi na hiyo taa tunajuana kuliko wewe na mkeo. Nenda kaandike chakula chako."

Sikusema zaidi, lakini moyoni nimemtilia shaka. Mtu wa umri wetu akiamka daku halafu afike kazini alfajiri, atatoa barafu hata ikiwa bado supu, mradi arudi kulala.

Chungu cha sita, Jumanne

Joto. Barafu nzuri. Kibwana ananisalimu kwa nyusi tu.

Chungu cha nane, Alhamisi

Tambi za sukari. Daktari, hazikuwa nyingi. Sinia lilikuwa dogo.

Chungu cha tisa, Ijumaa

Leo chakula kingoje, nina jambo la kwanza.

Siku za kawaida za Ramadhani tunafanya kazi mpaka jioni. Ijumaa ni tofauti. Kabla ya sala Kibwana analiweka tangi kupumzika, barafu inaendelea kuganda kwa ubaridi wake, na sote tunakwenda msikitini na harudi mtu. Anabaki Gerishom peke yake, kwa kuwa Jumaa haimhusu.

Alasiri wingu zito lilikaa upande wa vilima, nyumba zikawa na giza. Husna ametandika mkeka barazani. Honi ikalia, muadhini akafuata. Nikasema bismillahi, tende, maji, nikaingia kwenye kaimati. Nilikuwa kwenye ya tatu wingu lilipofunguka kwa chini, na jua likatoka. Zima. Limekaa juu ya minazi kama mgeni aliyechelewa, anawatazama walioanza bila yeye.

Nimekula sana katika maisha yangu, lakini sijawahi kusikia kijiji kizima kikiacha kutafuna kwa pamoja.

Husna akaweka kikombe chini polepole. "Mungu wangu, Tsofa. Tumekula mchana."

Watu hawakuitana. Kila mmoja alitoka kwake na miguu ikaelekea kiwandani. Gerishom akatoka mlangoni kutuangalia, na mkononi, wallahi, kikombe cha chai. Laiti angalikiweka chini kwanza.

"Nani kapiga honi?" akauliza mwenyekiti wa chama.

"Imepiga yenyewe, wazee. Kuna nini?"

"Kuna jua," akasema mtu wa nyuma.

Tukaingia. Gerishom akatuonyesha saa kwenye pembe ya kompyuta. Kila mtu akatoa simu yake kulinganisha. Ilikuwa sawasawa, hakuna hata dakika ya kugombania. Honi imepangiwa Magharibi, saa ni sahihi, na honi imelia kabla ya Magharibi.

"Saa si mbaya," Kibwana akasema. "Basi kuna mkono."

Macho yote yakaenda ukutani, penye swichi nyekundu ya kupigia honi kwa mkono. Kisha yakarudi kwa Gerishom na kikombe chake.

Ustadh Abdurahman alifika wakati huo, anapumua kwa shida. Alisema aliyekula akidhani jua limetua hana dhambi, lakini saumu ya leo haikusimama, tutailipa baada ya Idi.

"Na aliyetulisha?" ikauliza sauti ile ya nyuma.

Gerishom alinitazama mimi, akitarajia niseme neno. Nilikuwa natafuta kipande cha kaimati kwenye jino.

Chungu cha kumi, Jumamosi

Sidi alikuja tena na barafu yenye maji tumboni. Hakuna aliyekuwa na nafasi naye.

Kikao cha chama kilikaa mpaka adhuhuri. Mmoja akasema labda kijana alikuwa anajaribu mambo yake. Mwingine akasema majaribio gani ya Ijumaa, siku anayojua hatupo. Mwingine akakumbuka kwamba hata Ijumaa ya kwanza honi ilikuwa ya haraka, mkewe alisema. Nami nikakumbuka kuku wa Husna, nikawataja. Nilipowataja nikaona nyuso zinavyokaza, nikatamani kuku wangebaki nyumbani.

Mwenyekiti akatoa neno: ikitokea tena, Gerishom atafutwa kazi, aondoke na kompyuta yake. Maana yake aondoke Munje. Mkewe Lenah ameanza kazi hotelini Galu mwezi uliopita tu, na mtoto ameshajifunza kusema "hujambo" kabla ya kusema anachotaka, jambo ambalo baba yake bado linamshinda.

Wazo la kufuli lilikuwa langu. Swichi nyekundu tuitie ndani ya kisanduku cha chuma, tukifunge, ufunguo nikae nao mimi. Wamenisifu. Nimefuturu kwa furaha isiyo na adabu.

Chungu cha kumi na mbili, Jumatatu

Nimekuwa nikimchunguza. Anakuja mapema. Anaiwasha programu upya, inachukua saa kutoka kwa kompyuta, halafu anakaa anaandika vitu vyake. Nikipita nyuma yake anafunga dirisha moja kwenye kioo. Anaficha nini? "Shikamoo mzee." Nimeitikia marahaba kwa sauti ya askari wa kivuko.

Chungu cha kumi na tatu, Jumanne

Kufuli linafanya kazi. Honi imelia kwa wakati tangu Jumamosi. Nimemwambia Husna kwamba shari ilikuwa ni mkono, na mkono sasa umefungwa. Akasema, "Inshallah," lakini alisema akiangalia kuku.

Chungu cha kumi na nne, Jumatano

Lenah ametuletea mandazi ya kufuturia, moto moto, kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa. Nilijiuliza ni ya nini. Mtu ambaye hajakosa halipi kwa mandazi. Niliyatazama kwa shaka kubwa. Manne.

Chungu cha kumi na sita, Ijumaa

Niliwaalika mwenyekiti na Ustadh wafuturu kwangu. Sikusema ni kwa sababu ya kufuli, lakini ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye kitambaa nikauweka karibu na sahani, uonekane.

Tuko barazani. Honi ikalia. Nikachukua tende, nikaiweka mdomoni, nikasema, "Mnaona?"

Hakuna aliyeona nilichotaka waone. Mwenyekiti alikuwa anatazama simu yake. Ustadh alikuwa anatazama juu, kwenye mwanga mwingi uliobaki. Muadhini, ambaye tangu Ijumaa ile ameapa kungoja macho yake mwenyewe, hakutoa sauti. Na kuku wa Husna walikuwa uwanjani wote, hakuna hata mmoja aliyefikiria kulala.

Niliitema tende mkononi. Sijui kama hiyo inaandikwa kwa daktari.

"Ufunguo wa pili anao nani?" akauliza mwenyekiti.

"Hakuna wa pili."

"Basi kufuli hilo ni la mapambo. Au." Akaugusa ufunguo kando ya sahani. "Nasikia mlikula mandazi yake."

Nimekaa na watu hawa umri wangu wote. Leo, kwa mara ya kwanza, nimeona wananipima kama ninavyompima Gerishom wiki nzima hii. Mwenyekiti alitaka amalize jambo usiku huu huu. Ustadh ndiye aliyeomba mpaka Ijumaa ijayo, kwamba mwezi huu si wa kumtoa mtu nyumbani kwake kwa dhana. Ijumaa ijayo, basi. Ikilia mapema, Gerishom anaondoka. Na macho ya mwenyekiti yalisema nami nitafute pa kusimamia kwingine.

Hata Husna, akiondoa masinia, aliniuliza kwa upole kama kweli ufunguo haukuwahi kutoka mfukoni.

Chungu cha kumi na saba, Jumamosi

Naandika kwa urefu maana leo imefunguka.

Sidi alifika na bonge lake, akalipiga panga mlangoni bila salamu. Maji.

"Kila Jumamosi ni dafu. Siku nyingine mnanipa barafu, Jumamosi mnanipa dafu. Mna ugomvi gani na Jumamosi?"

Kibwana akainua mikono. "Mama, taa iliwaka. Ilipowaka nikatoa."

Mimi nilikuwa na hasira ya kuonwa mwizi wa saumu, nikaitoa kwa mzaha. "Na hiyo taa nayo kaibonyeza nani? Gerishom tena?"

Gerishom alikuwa kwenye kona yake, kichwa chini, kama alivyokaa tangu asubuhi. Akainua kichwa.

"Taa haina swichi," akasema.

"Ndiyo maana nauliza."

"Hapana, mzee, ngoja. Taa ya kijani haina swichi popote. Inawashwa na ubongo wa barafu, ukishahesabu saa za kuganda zimetimia. Ikiwaka mapema, basi kuna saa huko ndani inakimbia." Akasimama. "Kibwana, jana ulifanya nini kabla ya msikiti?"

"Nilichofanya kila Ijumaa. Nililipumzisha tangi."

"Na siku zingine?"

"Linapumzika usiku kidogo tu. Mchana lina kazi."

"Kabla ya Ramadhani?"

"Zamu mbili, kijana. Lilikuwa halijui kupumzika ni nini."

Gerishom alifungua lile dirisha ambalo nimekuwa nikidhani ananificha. Kumbe lilikuwa ni maandishi ya mashine yake tu, na ndani yake kuna saa nyingine. Si ile ya pembeni tuliyolinganisha na simu. Hii ni saa ya ndani, ambayo lile kabati la kujifanya linaamini ndiyo saa ya dunia. Tukaiweka simu ya Sidi kando yake. Pampu zinafanya kazi, saa mbili zinakwenda pamoja, bega kwa bega.

"Lipumzishe," akamwambia Kibwana.

Kibwana akalipumzisha tangi. Tukangoja. Saa ya simu ikaenda mwendo wake. Saa ya ndani ikaenda, ikaenda, ikaruka. Ikatulia kidogo, ikaruka tena, kama panzi.

"Ah," akasema Sidi. "Tazama mshenzi huyo."

Gerishom alikaa chini, akatueleza, na safari hii nilielewa, maana nilikuwa na sababu. Lile kabati la kujifanya halitazami saa ya ukutani. Kila uzi una saa yake, na saa hiyo inasogea uzi unavyofanya kazi. Uzi ukiwa hauna kazi, unalala mpaka jambo linalofuata. Sasa, alipokuwa anaijaribu mashine mara ya kwanza, hakutaka kukaa usiku kucha kuangalia barafu ya uongo ikiganda. Akaipa ruhusa: ukikuta hakuna cha kufanya, usingoje, ruka moja kwa moja mpaka kwenye jambo linalofuata. Alipomaliza akaiondoa ruhusa. Lakini ruhusa ilikuwa kwa kila uzi peke yake, naye aliiondoa kwenye uzi wa honi, akasahau wa barafu. Tangi likipumzika, uzi wa barafu unakuwa na usingizi mfupi mfupi, na kila usingizi unauruka. Taa inawaka kabla ya wakati wake. Na uzi wa honi, ukiamka na kumkuta mwenzake yuko mbele, unaamini umechelewa, unamfuata.

"Kwa hiyo hii mashine yako haijui kungoja," akasema Kibwana.

"Haijui."

"Ikiona hakuna kazi, inarukia futari."

"Ndiyo hivyo."

"Basi humu ndani wasiofunga ni wawili," akasema Kibwana, akimwangalia Gerishom na kikombe chake. Gerishom alicheka, na nikagundua sijamsikia akicheka tangu chungu cha tisa.

Nikaenda kwa mwenyekiti nimejaa habari. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mashine inaruka saa kwa kukosa kazi," akasema. "Tsofa, hayo mandazi yalikuwa na nini?"

Ijumaa iko pale pale.

Chungu cha kumi na nane, Jumapili

Nimempelekea Kibwana sinia la kaimati nyumbani kwake. Akauliza ni za nini. Nikamwambia ni za taa. Amezipokea.

Gerishom kaenda kanisani, akarudi, akaketi kwenye kompyuta na shati la kanisani.

Chungu cha kumi na tisa, Jumatatu

Honi haikulia kabisa.

Gerishom amefunga mlango mmoja ukafungika na wa pili. Aliondoa ruhusa ya kuruka, halafu kwa hofu akaongeza sharti: uzi wowote usisogee mbele mpaka mwenzake afike hapo alipo. Sikuona ubaya. Lakini tangi lilipopumzika jioni, uzi wa barafu ulisimama kungoja wa honi, na wa honi ukasimama kungoja wa barafu. Kama waungwana wawili mlangoni, tafadhali pita wewe, hapana Bwana pita wewe kwanza, na chakula kinapoa ndani.

Nilikuwa kiwandani, nimekwenda kumchunga au kumtetea, sijui tena. Gerishom alikuwa anatoka jasho, anagonga vitufe. Nje mwanga unakwisha. Nikampigia Ustadh.

"Jua limetua, Tsofa. Nimeliona mwenyewe. Piga."

"Nipige kwa mkono?"

"Kwa mkono. Au unataka tufuturu daku?"

Nikafungua kufuli langu. Nikaweka kidole kwenye swichi nyekundu, na hapo nikajua uzito wake. Kijiji kizima kimekaa mbele ya chakula, na kilichobaki ni kidole cha mtu mmoja mnene. Nikapiga. Honi ikalia kifuani mwangu.

Gerishom akasema kwa sauti ndogo, "Pole, mzee."

"Kesho usiwaache wangojeane," nikamwambia. "Wape mtu wa tatu."

Nilisema tu, maana mlangoni kwetu kukiwa na waungwana hivyo, Husna ndiye anayewasukuma wote wawili ndani.

Chungu cha ishirini na moja, Jumatano

Mtu wa tatu amepatikana. Gerishom amezinyang'anya nyuzi zote mbili saa zao. Sasa saa ni moja, iko nje yao, imefungwa na saa ya kweli ya kompyuta, na kila uzi ukitaka kujua wakati unaiuliza. Ukikosa kazi unalala kama mtu, na unaamshwa wakati ukifika. Hakuna wa kutangulia, hakuna wa kungojana.

"Mnafanya hivi hivi nyinyi," akaniambia. "Kila mtu ana simu yake na hamziamini. Mnangoja honi. Mimi nimewapa hizi nyuzi honi yao."

Nimelipenda hilo, nikamwambia alirudie nilipeleke kwa Ustadh.

Tumelijaribu tangi limepumzika mchana wote. Saa za ndani na nje, bega kwa bega. Mwenyekiti hakuja kuangalia. Amesema ataangalia Ijumaa, kwa masikio.

Viazi vya nazi. Sikulala vizuri.

Chungu cha ishirini na tatu, Ijumaa

Baada ya sala walikuja kiwandani wote, wazee na mikeka yao, wakakaa uwanjani. Hawakusema wamekuja kumlinda. Walimkaribisha tu Gerishom aketi nao, wakampa nafasi nzuri katikati, mbali na mlango, na mwenyekiti akakaa upande wake wa kulia. Ufunguo wangu uliombwa kwa adabu sana, ukawekwa kwenye kofia ya Ustadh. Nami nikapewa nafasi nzuri katikati, upande wake wa kushoto.

Kiwandani hakukuwa na mtu. Tangi linapumzika tangu kabla ya sala. Tumekaa hivyo, watu wazima, tunatazama honi juu ya paa kama tunavyoutazama mwezi wa Idi.

Wakati ule wa chungu cha tisa ukapita. Kimya. Wakati wa chungu cha kumi na sita ukapita. Mguu wa Gerishom ulikuwa unatikisika, nikauwekea mkono. Mwanga ukawa wa njano, ukawa wa majivu. Hapo nikaanza kuogopa upande wa pili, isije ikanyamaza kama Jumatatu, na kofia ya Ustadh iko mbali.

Ikalia.

Hakuna aliyechukua tende. Mwenyekiti alitoa simu, akaiangalia, akamwonyesha Ustadh. Ustadh aliangalia mbingu, akachukua muda wake. Kisha muadhini, huko msikitini, akaanza.

"Leo sawa," akasema mwenyekiti, akala.

Hilo tu. Hakuomba radhi, na sikumtarajia. Alipoondoka nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba Ijumaa moja si ushahidi.

Chungu cha ishirini na nne, Jumamosi

Sidi amelipiga bonge kwa panga mara tatu. Panga limeruka. Akapakia.

Idi

Nilivyokula leo havitaandikwa.

Jumatatu, siku ya kulipa

Kijiji kimekubaliana kuilipa siku ya chungu cha tisa pamoja, na honi ilie kama Ramadhani. Gerishom alisikia, akaja kuniuliza kama na yeye anaweza kufunga.

"Wewe hudaiwi."

"Mimi ndiye niliyewalisha, mzee."

Nimemwambia aamke ale daku vizuri. Hakuamka. Adhuhuri aliniuliza kama kusukutua kunaruhusiwa, na baada ya kusukutua, kama kuna maji yanayoweza kupotea njia. Kibwana alimwambia angalie mashine yake, nayo siku hizi inafunga na hailalamiki.

Jioni alikuja kwangu na Lenah na binti yao. Mwenyekiti alikuja pia. Alisema alikuwa anapita, lakini alikuwa na tende zake mfukoni. Husna akatandika mkeka. Nikakaa mbele ya sahani yangu, na kila mtu akanitazama, maana wanajua mimi ndiye ninayeanza.

Honi ikalia.

Mikono yote ikabaki mapajani. Wangu pia. Mwenyekiti alikuwa anamtazama Gerishom. Gerishom alikuwa na midomo mikavu kama karatasi, na tende iko mbele yake, naye hakuigusa. Alikuwa amegeuza shingo anatazama uani. Nikageuka na mimi. Kuku wa mwisho alikuwa mguu mmoja juu ya ngazi ya banda, anafikiri. Akapanda, akaingia.

"Sasa," akasema Gerishom.

Tende moja, daktari. Nyingine nilimpa yeye.